Cherehani Haina Honi

Gari lilimkuta amekaa. Hilo alilishika tangu mwanzo na hakuliachia mpaka mwisho: kwamba alikuwa amekaa kwenye stuli yake kibarazani, mguu juu ya kanyagio, anashona ukosi wa shati la sare, wala hakuwa anakwenda popote. Mtu anayetembea barabarani unaweza kumlaumu kwa kutembea. Aliyekaa utamlaumu kwa lipi?

Mtaani walimwita Fundi Kimya. Hakuwa bubu. Ukienda kwake kujaribu nguo, alikuwa anatoa pini mdomoni, anasema "geuka," anarudisha pini, basi. Wageni walidhani ni zile pini zinazomfunga mdomo. Waliomjua zamani walijua kimya kile kilianza lini.

Kilianza mwaka aliofiwa na mumewe. Ndugu wa mume walikaa kikao sebuleni, katika nyumba ambayo yeye na marehemu waliijenga tofali kwa tofali, yeye akishonea watu sare mpaka macho yanatoa machozi. Walizungumza kwa upole sana siku ile. Walimwita dada, walimwita mke wetu. Walisema mambo ya familia hayapelekwi kwa watu wa nje, tuyamalize hapa hapa nyumbani. Wakayamaliza. Nyumba ikaenda kwa shemeji mdogo, yeye akaondoka na binti yake, masufuria na cherehani. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na dirisha, mikono mapajani, anatazama nje. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Na Fundi mwenyewe, alipoulizwa kama ameridhika, aliitikia kwa kichwa. Nyumba ilimuuma, lakini kile kichwa chake kilichoitikia kilimuuma zaidi.

Sasa, asubuhi ya ajali, aliyekuja kujaribu gauni ni huyo huyo mama mkwe. Usishangae. Bibi yule bega moja limeshuka, mgongo umepinda, na hakuna fundi mwingine aliyeweza kumkatia nguo ikamkaa. Kila alipokuwa na shughuli alikuja, na Fundi alimpima bila neno, kama anavyompima mtu yeyote. Safari hii ni harusi ya mjukuu. Shemeji mdogo ndiye aliyemleta, kwa gari la bosi wake, maana yeye ni dereva wa mkubwa mmoja wa kampuni. Gari jeupe, linang'aa, viti vyake bado vimevishwa nailoni.

Bibi alijaribu gauni, akageuka, akageuka tena, akavua, akarudi kukaa kiti cha nyuma cha gari. Shemeji akawasha. Simu ikaita. Akaipokea kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akapiga rivasi, na gari likapanda kibaraza kama mtu anayeingia kwake.

Fundi alivuta mguu. Goti likachubuka kwenye ukingo wa meza, lakini mguu ulitoka. Cherehani haikuwa na pa kwenda. Ilibanwa kati ya bampa na ukuta, mguu wake mmoja wa chuma ukakatika, kichwa kikaanguka chini kwa kishindo, gurudumu likapinda. Gauni la bibi lililokuwa juu ya meza likaangukia mafuta ya cherehani.

Shemeji alishuka. Alitazama kwanza bampa ya gari. Akaipangusa kwa kiganja. Ndipo akamtazama mtu.

"Pole, shemeji. Lakini na wewe hii cherehani umeiweka mbele mno."

"Mbele ya nini?"

"Barabarani huku."

"Imekaa hapo tangu gari hili halijatoka kiwandani."

Watu walikwisha kukusanyika. Muuza mkaa wa upande wa pili alicheka kwa sauti. Miwani naye, fundi wa kuchomelea mageti wa mlango wa jirani, alikuja na miwani yake myeusi imepandishwa kwenye paji la uso. Hiyo miwani ndiyo iliyompa jina, na wengine waliapa kwamba hulala nayo.

"Basi yaishe," alisema shemeji, akishusha sauti. "Miwani ataunga huo mguu. Mengine tutazungumza nyumbani."

Fundi alikuwa amesema hayo kwa meno, pini bado mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake.

"Nyumbani kwa nani?"

"Shemeji..."

"Nakuuliza. Nyumbani kwa nani? Mimi nimepanga chumba kimoja, tena choo cha kuchangia. Tutazungumzia wapi?"

Shemeji akatazama watu, akatazama chini. Fundi alifunga kanga yake vizuri, akatwaa ndara zake, akaondoka. Muuza mkaa akamwuliza unakwenda wapi na goti hilo.

"Polisi," alisema. "Kuripoti ajali."

*

Askari wa kaunta alikuwa kijana mwenye kalamu sikioni.

"Ajali. Haya. Gari gani na gari gani?"

"Gari na cherehani."

Akainua macho. "Cherehani ilikuwa imepakiwa kwenye gari?"

"Ilikuwa kibarazani. Nashona."

"Unashona wakati gari linakuja?"

"Nashona kila siku. Magari ndiyo yanayokuja na kuondoka."

Kijana alikuna shavu. Akamwambia hilo ni suala la trafiki, zunguka nyuma, mlango wa bluu. Fundi akazunguka nyuma. Mlango wa bluu akakutana na askari mwingine, anakula karanga kwenye gazeti. Huyu akamweleza, kwa upole wa mtu aliyeshiba, kwamba wao hushughulikia vyombo vya moto na watumiaji wa barabara. Cherehani si chombo cha moto. Na mama hakuwa akiitumia barabara. Huo ni uharibifu wa mali, rudi kaunta. Akarudi kaunta. Kijana wa kalamu akasema hapana, mama, gari likishaingia kwenye habari ni trafiki, mimi nikiandika hapa nitagombezwa. Akarudi mlango wa bluu. Goti lilikuwa limeanza kuvimba.

"Umerudi?" alisema wa karanga.

"Nimerudi. Mwenzako anasema ni ya kwako, wewe unasema ni ya mwenzako. Sasa mimi nikuulize. Cherehani yangu ina gurudumu. Ina kanyagio. Ina mkanda. Inatiwa mafuta. Kinachokosekana ni honi. Kama shida ni honi, niambie, nikanunue, nije tena."

Askari alicheka mpaka karanga zikamwagika. Fundi hakucheka. Alivuta benchi lililokuwa kando ya mlango, akakaa.

"Sasa unafanya nini?"

"Nimekaa. Niligongwa nimekaa, nitangoja nimekaa."

Na alikaa kweli. Watu waliingia na kutoka. Madereva wa bodaboda walikuja kuomba pikipiki zao, walilia, walicheka, waliondoka. Askari wa karanga alimpita mara kadhaa akijifanya anatafuta kitu. Fundi alitazama mbele tu. Ndani ya kifua alikuwa anaogopa, tusidanganyane. Hakujua kusoma wala kuandika, zaidi ya tarakimu za kupimia, na vituo vya polisi alikuwa anavipita kwa mbali kama watu wengine. Lakini kila hofu ilipompanda alikumbuka kichwa chake kilivyoitikia sebuleni, na hofu ikashuka.

Mwishowe alitoka koplo wa kike, mnene, mwenye sauti nzito, kofia kwapani. Akauliza huyu mama ana nini. Wa karanga akamweleza, akaitaja na honi, akicheka tena. Koplo hakucheka. Aliliangalia goti.

"Hilo ni gari au ni cherehani?"

"Ni gari, afande. Cherehani haijawahi kunigonga."

Koplo akavaa kofia. "Twende. Nisipokwenda, huyu atakaa hapa mpaka nistaafu."

*

Waliyoyakuta kibarazani yalimfanya Fundi asimame katikati ya barabara.

Cherehani ilikuwa imesimama. Miguu yote minne. Ule uliokatika umeungwa, umepigwa msasa, umepakwa rangi nyeusi ambayo haijakauka. Kichwa kimerudishwa mahali pake. Kibaraza kimefagiwa, kikamwagiwa maji, kikafagiwa tena, hata alama za matairi hazipo. Shemeji ameegemea gari, chupa ya soda mkononi. Gari amelirudisha barabarani, amelinyoosha kama anasubiri bosi. Ndani, kiti cha nyuma, mama mkwe amekaa vile vile.

Miwani alikuwa anang'aa kwa furaha kuliko rangi yake.

"Fundi, mambo yamekwisha. Mashine yako imepona. Na sikutaka chochote, nimefanya kijirani. Hata muuza mkaa kasaidia kufagia."

"Nilideki," alisema muuza mkaa. "Palikuwa na mafuta pale, ungeteleza."

Na hawakuwa na nia mbaya, hilo ndilo lilikuwa gumu. Mtaa ule mtu akianguka huokotwa, akipasuliwa sahani vigae hufagiwa kabla hajalia. Nani angefikiri kuacha uchafu mahali ili askari aje autazame? Shemeji aliwajua. Alisema tu "tumsaidie fundi," akaenda kununua soda.

Koplo alizunguka cherehani mara moja.

"Mama, ajali iko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Shemeji naye akatabasamu, lile tabasamu la upole la siku ya kikao.

Fundi akangoja kicheko kiishe.

"Afande, mtu akivunjwa mguu, akafungwa plasta, mnakwenda kumwambia hakugongwa?"

Koplo akautazama tena ule mguu uliopakwa rangi.

"Miwani," Fundi akamgeukia. "Ulichomelea nini?"

"Mguu."

"Kwa nini?"

"Si ulikuwa umekatika?" Kisha Miwani akamwona askari vizuri, akamwona na shemeji, akashusha miwani yake machoni kama anayejificha. "Mimi nauliza tu, nilikosea kuunga?"

"Hukukosea. Asante."

"Huyo ameona mguu," alisema koplo. "Hakuona gari likigonga. Dereva, wewe unasemaje?"

"Afande, cherehani ilikuwa chini, barabarani kabisa. Mimi nilirudi polepole. Nadhani mama alishtuka akaisukuma mwenyewe. Nimemsaidia kibinadamu tu, huyu ni shemeji yangu, mke wa marehemu kaka. Sisi ni watu wa nyumba moja."

"Tulikuwa," alisema Fundi.

Shemeji akamsogelea. Sasa tabasamu lilikuwa limekwisha, na sauti aliyozungumza nayo ilikuwa ya kweli, pengine kwa mara ya kwanza.

"Sikiliza, shemeji. Bosi hajui kama gari limemchukua mama. Hii ikiandikwa, namwaga unga leo leo. Nina watoto. Nitakununulia cherehani mpya. Ya umeme. Ile unayoiona dukani pale ukipita unasimama. Naapa. Mwambie tu huyu afande kwamba tumeelewana."

Alijua hata hilo, kwamba yeye husimama pale dukani. Fundi akaiona ile cherehani, nyeupe, taa yake ndogo juu ya sindano, isiyohitaji mguu. Miguu yake ilikuwa inamuuma miaka sasa, jioni hadi nyonga. Akawaona na watoto wa shemeji, anawajua kwa majina, alishawashonea sare. Koplo alikuwa anatazama saa. Kila mtu pale alikuwa anasubiri kichwa chake kiitikie. Kilikuwa ni kichwa tu. Kukiinamisha si kazi.

"Nunua," alisema.

Shemeji akashusha pumzi.

"Nunua ukitaka, unadaiwa. Lakini kwanza iandikwe kwamba ulinigonga nikiwa nimekaa."

"Shemeji, utakuwa umeniua."

"Binti yangu alipolala chini sakafuni kwa watu, uliuliza nani kamuua?"

Muuza mkaa alisema "eh," polepole, kama anayeonja mchuzi.

Koplo akafungua daftari lake. "Mmoja anasema kibarazani, mmoja anasema barabarani. Neno lake na lako, mama. Bila shahidi nitaandika, lakini litakwenda umbali gani sikuahidi. Nani mwingine alikuwepo?"

Macho ya watu, moja baada ya jingine, yakaenda kwenye kiti cha nyuma cha gari. Kioo kilikuwa kimeshushwa. Bibi alikuwa amekaa, mikono mapajani, uso umeelekea upande wa pili, kule kwenye ukuta wa muuza mkaa ambako hakukuwa na cha kutazama.

"Bibi," koplo alimwita. "Wewe uliona?"

Bibi hakugeuka.

"Huyo usimsumbue, afande," alisema Fundi. Hakusema kwa hasira. Hasira yake kwa yule mama ilikuwa imekauka zamani, imebaki kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. "Huyo huwa anatazama dirishani. Niandike mimi peke yangu. Iende isiende, iwe imeandikwa."

Koplo akaweka kalamu kwenye karatasi. Na hapo mlango wa gari ukafunguka.

Bibi alishuka kwa taabu, bega moja chini, akishika mlango kwa mikono miwili. Shemeji akamkimbilia, "Mama, kaa, jua kali," na bibi akamsukuma mkono kama unavyofukuza inzi.

"Nilikuwa natazama dirishani," alisema. "Ndiyo maana niliona."

Akanyoosha kidole kuelekea ukutani.

"Cherehani ilikuwa juu kibarazani, mguu wa nyuma umegusa ukuta. Mke wa mwanangu alikuwa anashona. Huyu alikuwa kwenye simu. Nikamwambia simama. Nikamwambia tena, simama, utamuua mtu. Akaniambia mama, subiri kidogo." Akapumzika. "Andika hivyo. Na kile alichosema kwamba aliisukuma, usiandike. Ni uongo."

"Mama!" alisema shemeji.

"Nini? Ulitaka nitazame wapi tena?" Kisha, kwa sauti ya chini, akimtazama Fundi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi: "Na siku ile ya kikao niliona pia."

Koplo akainua kichwa. "Kikao gani?"

"Hicho si cha trafiki," alisema Fundi.

*

Yakaandikwa. Koplo aliandikia juu ya boneti la gari jeupe, na Fundi akamtaka asome kwa sauti kila alichoandika. Alipofika pahali palipoandikwa "karibu na barabara," Fundi akasema rudi hapo. Koplo akaguna, akafuta, akaandika kibarazani. Fundi akaweka dole gumba, bibi naye akaweka lake. Watu walitazama madole yale mawili yakipigwa wino kama wanaotazama bibi harusi akivishwa pete.

Shemeji akaambiwa aendeshe gari mpaka kituoni, polepole, na simu aizime. Kabla hajaingia alisimama mbele ya Fundi. Uso ulikuwa umemshuka.

"Umeniponza, shemeji."

"Mimi nilikuwa nimekaa."

Akaingia kwenye gari. Koplo alikuwa anaingia kiti cha mbele, Fundi akamgusa bega.

"Afande. Na ya nyumba huandikwa kaunta gani?"

"Nyumba imegongwa na nini?"

"Na watu."

Shemeji, mkono kwenye usukani, aligeuka haraka. Koplo akamtazama yeye, akamtazama Fundi, akaanza kuelewa.

"Hiyo si kwangu, mama. Hiyo ni mahakamani. Watakuzungusha kuliko sisi."

"Nimeshajua kukaa," alisema Fundi.

Gari likaondoka. Watu wakatawanyika, wakibishana kama cherehani inaweza kufungwa honi na ingefungwa wapi. Miwani alijitolea kulinyoosha gurudumu. Fundi akamwambia asiiguse mashine hata kwa kidole mpaka atakapomwambia, na kwa mara ya kwanza Miwani akavua miwani yake kabisa. Akasema sawa, fundi.

Akabaki bibi, amesimama kibarazani juani, bila gari, bila mtu wa kumrudisha.

Fundi aliokota gauni. Doa la mafuta lilikuwa limeingia upande wa kwapa. Litatoka kwa sabuni, au litafunikwa na mshono. Bega bado halijakaa. Mashine haishoni, lakini sindano ya mkono ipo. Akasogeza stuli, akaipangusa.

"Njoo ulijaribu tena."

Bibi akaja. Akavishwa gauni juu ya nguo zake, kama mtoto, mikono juu. Fundi akajaza pini mdomoni, akaanza kubana bega lile lililoshuka. Pini zikapita kwenye kitambaa moja baada ya nyingine.

"Mwanangu," alisema bibi, akiwa amempa mgongo. "Umenisamehe?"

Fundi akatoa pini mdomoni.

"Geuka," akasema.